Deo, kabla hujaingia darasani Agosti

Columbus, Ohio
3 Mei 2025

Mwanangu Deo,

Hongera sana. Barua ya chuo nimeisoma yote, hadi zile kurasa za masharti ulizozipiga picha kwa simu. Shahada ya uzamivu ya takwimu, ada imelipwa, posho inaingia kila mwezi, na wewe kwa upande wako unafundisha kama TA, yaani msaidizi wa ufundishaji. Hujapewa kwa huruma, mwanangu. Umepewa kwa sababu wanakihitaji kichwa chako.

Nimeusoma pia ujumbe wako wa pili, ule wa usiku, kuhusu kifungu kinachosema hutaruhusiwa kusimama mbele ya darasa mpaka ufaulu mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Umeandika kwamba umesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, umeendesha semina pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, umesahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, na leo mtu anataka kukupima kama unajua kuongea. Hasira hiyo naifahamu. Naisikia kila mwezi wa nane, kwa maana kazi yangu hapa ndiyo hiyo: kuwaandaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliotoka nchi nyingine kabla hawajakabidhiwa madarasa. Ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu, na naomba uisome barua hii umekaa, si ukiwa kwenye daladala.

Kwanza ujue unaingia kazi ya namna gani. Nyumbani, Tutorial Assistant ni mwajiriwa. Amemaliza shahada ya kwanza na GPA isiyopungua 3.8, chuo kimemwona, kimempa meza, na wanafunzi wanamwita mwalimu. Huku TA ni mwanafunzi kama wao, ila amewatangulia. Profesa anatoa mhadhara kwa watu mia mbili au mia tatu kwenye ukumbi mkubwa, kisha watu hao wanagawanywa vikundi vya ishirini na tano au thelathini, na kila kikundi kinakuja kwako mara moja au mbili kwa wiki kufanya maswali, kuuliza walipokwama na kurudishiwa kazi zao. Profesa huenda asijue jina la hata mmoja wao. Wewe ndiye watakayemwona kwa karibu. Kijana wa miaka 18 aliyetoka mji mdogo, ambaye hajawahi kuzungumza na Mwafrika ana kwa ana, anayeogopa hesabu tangu shule ya msingi, na ambaye anasoma kwa mkopo, atajifunza takwimu au ataichukia kwa kadiri utakavyomfundisha wewe. Mtihani ule, pamoja na kasoro zake, uliwekwa kwa ajili ya kijana huyo.

Asili ya mtihani huo ni miaka ya 1980. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vimepokea wanafunzi wengi wa uzamivu kutoka Taiwan, Korea, India na China, hasa katika uhandisi, hisabati na sayansi, na hao ndio waliopewa madarasa ya mwaka wa kwanza, mara nyingi siku chache tu baada ya kushuka kwenye ndege, bila mtu wa kuwaeleza darasa la huku linaendaje. Wanafunzi wakalalamika, wazazi wakawalalamikia wabunge wao, na mabunge ya majimbo yakaanza kutunga sheria: hapa Ohio mwaka 1986, Pennsylvania mwaka 1990, na majimbo mengine kadhaa. Sheria hizo zilikitaka chuo kithibitishe kwamba anayefundisha anazungumza Kiingereza kinachoeleweka. Ndipo ukaenea mtihani ulioitwa SPEAK. Ulikuwa unakaa na kinasa sauti, unaambiwa umwelekeze mtu njia kwenye ramani, usimulie kisa kutokana na picha, ufafanue grafu, na majibu yako yanapewa alama zisizozidi 60. Vyuo vingi vilidai 50. Siku hizi wengine wanaangalia alama zako za kuzungumza kwenye TOEFL, wengine wametunga mitihani yao wenyewe. Purdue, kule Indiana, wana wao wa kompyuta. Kwingine unafundisha somo la dakika kumi mbele ya jopo, na ndani ya jopo hilo wamo wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wako, kwa nilivyosoma yale masharti, ni wa namna hii ya mwisho, na nimefurahi. Ni wa haki kuliko ule wa kuongea na mashine, kwa sababu unapima jambo ambalo kweli utalifanya.

Sitakuficha upande wa pili. Si kila anayesema hakuelewi amekusikiliza. Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia alichapisha utafiti ambao nawaeleza wanafunzi wangu wote siku ya kwanza. Alichukua mhadhara mfupi uliorekodiwa kwa sauti ya mwanamke Mmarekani, mtu wa hapa hapa Ohio, Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. Wanafunzi wakasikilizishwa kanda hiyo moja. Baadhi yao walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, wakaambiwa huyu ndiye anayezungumza. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke wa Kiasia. Waliotazama picha ya Mwasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, lafudhi ambayo haikuwamo kwenye kanda, na walipopimwa walichokielewa walipata alama za chini. Sauti ni ile ile na maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni uso.

Nakueleza haya ili ukikutana na mtu aliyekunja uso kabla hujafungua mdomo, ujue kukunja huko kunatoka wapi. Utakutana naye, Deo. Mwishoni mwa muhula wanafunzi wa huku huwatathmini walimu wao, na pengine utasoma mtu ameandika neno moja tu, "lafudhi," akaishia hapo. Usilale na neno hilo peke yako. Nenda nalo kwa mratibu wa TA wa idara yenu, mkae, msome tathmini zote kwa pamoja, mtenganishe malalamiko yenye kitu cha kurekebisha na yale ambayo hayahusu ufundishaji wako. Na wiki ya kwanza uwape nafasi ya kukuzoea: waambie unatoka wapi, tamka jina lako polepole na uliandike ubaoni, waambie wasipokusikia wainue mkono nawe utarudia bila kukasirika. Sikio huizoea sauti mpya likipewa muda. Nimeona darasa lililonuna mwezi wa tisa, na ilipofika Novemba wanafunzi wale wale wanamfuata TA wao hadi koridoni kubishana naye kuhusu swali la mwisho la kwizi.

Sasa nije kwenye sehemu iliyo mikononi mwako, na hapa ndipo ninapokuomba utulie. Vijana wetu wengi wanapoteza miezi wakijaribu kuongea puani kama watu wa kwenye filamu. Hakuna anayekudai hivyo. Lafudhi yako ya Bukoba kaa nayo. Kinachompoteza msikilizaji ni mahali unapoweka mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka mkazo husogea nalo: kwenye "kitabu" uko "ta," kwenye "kitabuni" unahamia "bu." Midomo yetu imelelewa hivyo, na kila silabi tunaipa haki yake. Kiingereza hakina utaratibu huo. Mkazo unaweza kuangukia popote, na silabi zilizobaki zinamezwa nusu.

Chukua maneno ya fani yako mwenyewe uone. "Parameter": wao wanakaza "ra," sisi tunakaza "me." "Hypothesis": wao "po," sisi "the." "Interval": wao "in," sisi "ter." "Variance": wao mwanzo kabisa, sisi katikati. Ukikosea neno la kila siku, msikilizaji anakisia kutokana na sentensi na maisha yanaendelea. Lakini haya ni maneno ambayo yule kijana anayasikia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hana pa kukisia. Anasikia sauti asiyoijua, anainama kwenye daftari kujaribu kuiandika, na akiinua kichwa wewe umekwisha kusonga mbele sentensi tatu. Darasa zima linaweza kupotea hivyo kwa neno moja, na mwalimu asijue, kwa sababu kila alichosema kilikuwa sahihi.

Kwa hiyo orodhesha maneno hamsini ambayo somo la takwimu la mwaka wa kwanza haliwezi kwenda bila hayo. Kila moja lisikilize kwenye kamusi yenye sauti, uipigie mstari silabi yenye mkazo, kisha uliseme ndani ya sentensi nzima, si peke yake. Silabi hiyo irefushe na uipandishe juu kidogo. Usijilazimishe kumeza zile nyingine. Darasani, neno jipya liandike ubaoni kabla hujalitamka. Kwa sisi tuliokulia Kagera, tunaozichanganya "r" na "l" bila hata kujisikia, neno "correlation" linazo zote mbili, kwa hiyo hilo liandike kila mara. Na namba andika unapozitaja, maana "fifteen" na "fifty" zimewahi kuwatoa jasho hata watu waliozaliwa na lugha hii.

Kuna pia mkazo wa sentensi, nao una uzito zaidi kuliko wa neno. Laura Hahn, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha mwaka 2004 utafiti wa mhadhara mmoja uliotolewa na msemaji mmoja wa Kikorea kwa namna tatu: mkazo ukiwa mahali pake, mkazo ukiwa mahali pasipo pake, na mkazo usipokuwepo kabisa. Wanafunzi wa Kimarekani waliosikia ule wa kwanza walikumbuka mengi zaidi, na hata yule msemaji walimpenda zaidi. Lafudhi yake haikubadilika. Fikiria jinsi sisi tunavyofanya. Tukitaka kuonyesha lililo muhimu tunalo "ndio," tunalo "tu," tunaweza hata kulihamisha neno mbele ya sentensi. Mwingereza na Mmarekani kazi hiyo wanaifanya kwa sauti. Ukieleza kwamba mshahara wa tajiri mmoja umeuvuta wastani juu, ila namba ya katikati haukuigusa, mwanafunzi anangoja sauti yako ipande kwenye "mean" na ipande tena kwenye "median," ndipo ajue unalinganisha vitu viwili. Ukiyasema yote kwa kimo kimoja, kwake ni mtiririko wa maneno sahihi usio na mlango wa kuingilia.

Kuhusu mafunzo yenyewe: watakuita wiki moja au mbili kabla ya muhula kuanza, na zoezi kubwa litakuwa somo fupi la majaribio. Njia hii ilianzia Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa kazi ya Dwight Allen na wenzake. Unafundisha dhana moja kwa dakika tano hadi kumi mbele ya watu wachache, unarekodiwa kwa video, mnaitazama pamoja, kisha unafundisha tena dhana ile ile. Kule kurudia ndiko kwenye faida, na ndiko watu wanakotaka kukwepa.

Nakupa mfano mmoja. Mwaka jana nilikuwa na kijana wa kemia, mtu mwenye akili nyingi, alikuja kufundisha jinsi ya kuizimua asidi kwa maji. Aligeukia ubao, akaandika mlinganyo kutoka kushoto hadi kulia huku akiongea na ubao, akageuka, akauliza kama kuna swali, hakuna, akashukuru. Dakika nne. Binti wa mwaka wa pili tuliyemwalika awe mwanafunzi alisema kwa upole kwamba aliandika yote lakini hajui mlinganyo ule unajibu swali gani. Tulipotazama video, kijana akajiona mgongo. Kesho yake alianza na chupa mbili za maji zenye rangi, moja nzito na moja nyepesi, akaziweka mezani, akauliza ipi ina rangi nyingi zaidi ndani yake. Wakabishana, maana ile nyepesi ilikuwa chupa kubwa. Akawaacha wabishane. Ndipo akaandika mlinganyo, kila herufi akiitaja na kuonyesha kwenye chupa ni kitu gani, na kila alipomaliza hatua akasema wazi: hatua hii imekwisha, sasa tunaingia hii. Kiingereza chake hakikuwa kimeongezeka hata kidogo usiku ule. Yule binti alimaliza swali la mazoezi bila kusaidiwa.

Zile kauli za kuonyesha njia, tumemaliza hili, sasa tunaenda hapa, hili linatofautiana na lile la jana, usizione ni kupoteza muda. Mwenye lafudhi asiyoizoea msikilizaji anazihitaji maradufu, kwa sababu aliyepitwa na sentensi moja anaweza kuungana nanyi kwenye kituo kinachofuata.

Sasa nikuonye kuhusu "Mmeelewa?" Sisi tumekulia humo. Mwalimu anauliza, darasa zima linaitikia ndiyooo, hata aliyelala. Huku ukiuliza hivyo hawataitikia. Watakutazama. Utadhani wameelewa wote au wanakudharau, na mara nyingi si lolote kati ya hayo. Uliza swali lenye kitu ndani yake: nikiondoa mshahara huu mkubwa, wastani unapanda au unashuka? Kisha nyamaza. Mary Budd Rowe, aliyetafiti madarasa ya sayansi miaka ya 1970, alikuta walimu wanangoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla ya kujijibu wenyewe, na kwamba wakingoja sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na yanatoka kwa wanafunzi wengi zaidi. Sekunde tatu mbele ya watu zinauma. Zihesabu kimoyomoyo. Kwa mwalimu mgeni zina faida nyingine: wanafunzi nao wanapata muda wa kumalizia kuisikia sentensi yako.

Watakuita Deo. Si profesa, si sir, hakuna shikamoo. Mtu ataingia na kikombe cha kahawa, atakaa na kofia, atakukatiza ukiwa katikati ya maelezo kukuambia namba ya mstari wa pili si sawa. Huko kwetu hiyo ni vita. Huku ni mwanafunzi anayefuatilia, na namba ya mstari wa pili uiangalie. Ukiulizwa usichokijua, sema utalitafuta jibu na utalileta Alhamisi, halafu Alhamisi ulilete kweli. Nimewaona TA kutoka nchi nyingi, waliolelewa kama sisi kwamba mwalimu hakosi jibu, wakibuni jibu papo hapo ili wasiaibike. Wanafunzi hulitafuta kwenye simu zao kabla TA hajamaliza kusema.

Kuna mambo ya sheria ambayo lazima uyashike kabla ya siku ya kwanza. Kubwa ni ile sheria ya mwaka 1974 inayoitwa FERPA, ya faragha ya kumbukumbu za mwanafunzi. Wewe umekulia nchi ambayo matokeo ya kidato cha nne yanawekwa kwenye intaneti kijiji kizima kiyasome, na chuoni yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Huku hapana. Karatasi zilizosahihishwa usiziache mlangoni kila mtu ajichukulie yake. Alama ya mtu usiitaje mbele ya mwenzake. Mzazi akikuandikia barua pepe kuuliza mwanawe anaendeleaje, hata kama ndiye anayelipa ada, usimjibu lolote kuhusu alama, mpelekee profesa. Mwanafunzi akikuletea barua ya ofisi ya wenye ulemavu kwamba aongezewe muda wa mtihani, hiyo ni haki yake kisheria, huna cha kumhoji ni ugonjwa gani. Akikueleza kwamba ameshambuliwa au amebughudhiwa kijinsia, huenda chuo chako kinakutaka utoe taarifa. Uliza mapema, ili usije ukamwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Na ukishuku mtu amenakili, au kazi yake imeandikwa na akili mnemba, usimhukumu wewe. Kusanya ulichokiona, mkabidhi profesa.

Kusahihisha kutakula muda wako kuliko kitu kingine chochote. Dai mwongozo wa kusahihisha kabla hujashika kalamu, na usahihishe swali la kwanza kwa wote, kisha la pili kwa wote, ili wa mwisho asipimwe kwa uchovu wako. Watakuja kudai alama. Wengine watadai nusu alama kwa machozi. Usijibu papo hapo. Mwambie aandike kwa nini anaona amestahili zaidi, na umjibu kesho yake ukiwa umeisoma upya. Akiwa na haki mpe mara moja, bila kinyongo.

Mkataba wako unasema asilimia 50. Maana yake ni saa 20 kwa wiki, na humo mna kuandaa, kufundisha, saa za ofisini, kusimamia mitihani na kusahihisha. Viza yako ya F-1 hairuhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 chuoni wakati wa muhula, kwa hiyo lile wazo lako la kuongezea na kazi ya maktaba liache. Ukiona wiki baada ya wiki unafika 28, usinyamaze kwa heshima. Andika saa zako kwenye daftari, umwonyeshe profesa, umuulize kipi kipunguzwe. Unakuja huku kuwa daktari wa falsafa, na wapo waliofundisha vizuri mno huku utafiti wao wenyewe umelala, hadi ufadhili ukaisha.

Kuhusu fedha kwa kifupi: posho ya kwanza mara nyingi huja mwishoni mwa Septemba, baada ya kupata namba ya Social Security na karatasi zote kuingia. Kuna pia ada ndogondogo ambazo msamaha wa ada hauzigusi. Uwe na fedha za kodi ya nyumba na chakula za kukufikisha huko. Ukipungukiwa niambie mimi mapema, usikope kwa watu.

Mtu akikuuliza mbona usifundishe Kiswahili, maana vyuo vingi huku vinakifundisha na kina wasaidizi kutoka Kenya na Tanzania, mwambie hiyo ni kazi nyingine yenye wataalamu wake. Wale wanaoletwa na mpango wa Marekani wa Fulbright wanakuja kwa mwaka mmoja wa masomo kuisaidia lugha yetu isimame, nao nawaheshimu sana. Wewe umeitwa kwa takwimu.

Jambo la kufanya sasa, si Agosti, ni hili. Kila jioni chukua dhana moja, useme kwa sauti, kwa Kiingereza, ukiwa umesimama, kana kwamba kuna mtu wa miaka 18 mbele yako asiyejua chochote na asiyependa hesabu. Umezoea kuandika takwimu na kuisoma. Kuisema kwa mdomo kwa saa nzima ni misuli mingine. Tafuta mifano inayofika kwao: bei za nyumba, dakika za kungoja basi la chuo, alama za mpira wa kikapu. Kisha uwe na mmoja au miwili ya kwetu. Muda wa kungoja daladala Mwenge saa kumi na mbili jioni unafundisha kutawanyika kwa data vizuri kuliko kitabu chochote, mradi kwanza uwaeleze daladala ni nini, haina ratiba, na inaondoka ikijaa. Wataukumbuka mfano huo wakati mingine yote imeshawatoka.

Anza na wastani na namba ya katikati. Jirekodi dakika tano kwa simu, unitumie WhatsApp kabla mwezi huu haujaisha. Usiirekebishe, nitumie ile ya kwanza. Nitaisikiliza na kalamu mkononi, nitakuandikia kila mahali mkazo ulipoteleza, halafu utarekodi tena somo lile lile. Jumapili saa moja jioni ya huko ndiyo saa nzuri kwangu kupiga simu, baada ya misa.

Baba na mama wasalimie sana, na bibi mwambie nitampigia wiki hii.

Shangazi yako